Kabla Hujaandika "WTO Ilishaamua": Kwa Vijana Wapya wa Dawati la Biashara

Wiki hii nimepokea madokezo matatu kutoka kwa vijana watatu walioripoti kazini mwezi uliopita. Hawakukaa pamoja, kila mmoja kaandika kwake, lakini yote matatu yana sentensi moja kuhusu Shirika la Biashara Duniani (WTO) na mazao yaliyobadilishwa vinasaba (GMO): "WTO ilishaamua kwamba GMO ni salama." La kwanza nililiwekea alama. La pili nikaliwekea alama. La tatu nikafunga faili nikaenda kutafuta chai, maana sentensi ile naijua vizuri. Niliiandika mimi mwaka 2008, na hadi leo naweza kukuonyesha kiti nilichokalia siku iliposomwa mbele za watu.

Wadogo zangu, nawapenda na naona mtafika mbali. Mna kasi ambayo sisi hatukuwa nayo. Ripoti tuliyoisubiri ishuke kutwa nzima kwenye kompyuta moja ya idara, nyie mnaipata kabla maji ya chai hayajachemka. Ndiyo maana uvumilivu wangu unaisha nikiona hamjaifungua. Sitawaeleza kwa kirefu SPS, ule mkataba wa WTO wa hatua za kulinda afya ya watu, wanyama na mimea, wala jopo la waamuzi wa mgogoro linavyoteuliwa, hayo mlipewa kwenye semina elekezi. Nitasema yale ambayo semina haiyasemi.

1. Itaje hatua kabla ya zao.

Ukipewa mgogoro wa GMO, usianze kujiuliza kama mahindi yale yana madhara. Jiulize kwanza nani kafanya nini, lini, na kwa karatasi gani. Chukueni kesi mama, ile ya Marekani, Kanada na Argentina dhidi ya Jumuiya ya Ulaya: namba zake WTO ni DS291, DS292 na DS293, zilizofunguliwa Mei 2003. Ukisoma magazeti ya wakati ule utadhani walikuwa wanabishana kuhusu jeni. Walalamikaji walileta mambo matatu, na kila moja lina maisha yake. La kwanza ni zuio la jumla ambalo halikutangazwa popote: kuanzia Juni 1999 hadi Agosti 2003 maombi ya kuidhinisha mazao ya GMO yalipokelewa, yakajadiliwa, lakini idhini ya mwisho haikutoka. La pili ni ucheleweshaji wa maombi 27 yaliyotajwa moja moja. La tatu ni mazuio tisa yaliyowekwa na nchi sita zenyewe, yaani Austria, Ufaransa, Ujerumani, Ugiriki, Italia na Luxembourg, dhidi ya mazao ambayo Jumuiya yao ilikuwa imeshayaidhinisha.

Majibu nayo yakawa matatu. Zuio la jumla, jopo lilisema, kwa lenyewe si hatua ya SPS. Lilikuwa namna ya kuendesha utaratibu, kwa hiyo huwezi kulipima kwa Ibara ya 5.1 ya Mkataba wa SPS ukadai tathmini ya vihatarishi. Kosa lake ni kuchelewesha bila sababu, Kiambatisho C na Ibara ya 8, basi. Katika yale maombi 27, ucheleweshaji usio na sababu ulithibitika kwa 24. Mazuio tisa ya nchi sita ndiyo yaliyoanguka kwa kukosa tathmini ya vihatarishi.

Mtu akikuuliza "Ulaya walishindwa kwa nini?" nawe ukamjibu kwa sentensi moja, umeshakosea.

2. Usichanganye majukwaa.

Dokezo mojawapo limeandika "WTO imeishinda Mexico." WTO haikuwepo hata mlangoni. Mgogoro wa mahindi kati ya Marekani na Mexico ulikwenda chini ya mkataba wao wa Amerika ya Kaskazini, USMCA, Sura ya 9 kwa masuala ya SPS na Sura ya 31 kwa usuluhishi. Maneno ya Sura ya 9 yanafanana sana na ya Mkataba wa SPS, na kufanana huko ndiko kunakowapoteza. Uamuzi ule unawafunga waliosaini mkataba ule. Sisi tunausoma ili tujifunze jopo linavyofikiri.

3. Aya. Aya. Aya.

Hapa ndipo nilipoumia, nami nitapaeleza kwa kirefu kwa sababu sijawahi kupaeleza kwa maandishi.

Mwaka 2008 nilikuwa na miezi minane kazini. Mkuu wangu alikuwa mama mmoja mtulivu, anayeandika kwa penseli iliyochongwa kwa wembe, na aliniamini mapema kuliko nilivyostahili. Tulikuwa na mkutano wa kikanda Arusha. Ajenda yetu ilikuwa ndogo na ya maana: tulitaka majirani wakubaliane utaratibu mmoja wa nyaraka kwa shehena za nafaka zinazopita nchi moja kwenda nyingine, ili lori lenye mahindi ya msaada au ya biashara lisilale mpakani kwa sababu ofisa wa zamu hajui adai cheti gani. Wakati ule kila nchi ilikuwa inaandika sheria yake ya bioteknolojia, na kila mmoja anamtazama mwenzake.

Mama aliniambia niandae aya mbili za utangulizi wa hotuba, kuhusu hali ya kisheria duniani. Ripoti ya jopo ilikuwa imesambazwa Septemba 29, 2006 na kupitishwa Novemba 21 mwaka uleule. Ina zaidi ya kurasa elfu moja. Niliifungua, nikaona ukubwa wake, nikaifunga. Nikatafuta muhtasari. Nikapata taarifa ya kurasa mbili iliyoandikwa na upande ulioshinda, yenye furaha ya mshindi, na nikajiambia kwamba aliyeshinda hawezi kukosea kueleza alichoshinda. Kutoka kwenye kurasa hizo mbili nikatunga sentensi ambayo niliiona nzuri, fupi na yenye nguvu: "Mwaka 2006, WTO iliamua kwamba mazao ya GMO ni salama na kwamba nchi mwanachama haina haki ya kuyazuia."

Mama alinipigia simu usiku akauliza kama nimehakiki. Nilijibu ndiyo. Hapo ndipo kosa lenyewe lilipo. Kuandika vibaya ni ujinga wa miezi minane, ila ile "ndiyo" niliisema huku nikijua ripoti sijaifungua mara ya pili.

Kesho yake akaisoma. Sisi wasaidizi tulikaa safu ya nyuma, viti vimebanana, mafaili mapajani. Alipomaliza, mzee mmoja kutoka ujumbe wa nchi jirani akainua kibao chake. Alizungumza kwa adabu kabisa: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba ndugu zetu watutajie aya." Mama akageuka kidogo, mkono wake ukaja nyuma kupokea karatasi kutoka kwangu. Sikuwa na karatasi. Nilianza kupekua faili ambalo nilijua halina kitu, kwa sababu kupekua kulikuwa rahisi kuliko kumtazama. Mkono ule ulikaa hewani kwa muda ambao sitausahau, kisha ukarudi mezani.

Mzee alikuwa na nakala yake. Akafungua hitimisho, aya ya 8.3, akaisoma taratibu. Jopo linasema humo, kwa maneno yaliyo wazi kabisa, mambo ambayo halikuyachunguza. Halikuchunguza kama bidhaa za bioteknolojia kwa ujumla ni salama au la. Halikuchunguza kama zinafanana na zile za kawaida. Halikuchunguza kama Jumuiya ya Ulaya ina haki ya kudai idhini kabla bidhaa haijaingia sokoni. Kila nilichodai kwamba kimeamuliwa, waamuzi wenyewe walikuwa wamekiorodhesha miongoni mwa wasiyoyagusa. Sentensi yangu moja ilikuwa na makosa mawili, na yote mawili yalijibiwa kwenye aya moja ambayo ningeisoma kwa dakika tano.

Mama akawasha kipaza sauti. "Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaomba sentensi hiyo iondolewe kwenye kumbukumbu. Tutaleta masahihisho kwa maandishi." Alisema "tunaomba". Hakugeuka tena nyuma.

Madhara hayakuishia kwenye aibu. Wajumbe wawili walishatuelewa kwamba tumekuja kusukuma hoja za wauza mbegu, na tulipofika kwenye ajenda yetu ya shehena za nafaka hakuna aliyetaka kutuunga mkono haraka. Ikasogezwa mkutano ujao. Ukisema "mkutano ujao" kwenye kazi yetu unamaanisha mwaka, na katika mwaka huo malori yaliendelea kulala mpakani, mahindi yakinyeshewa chini ya turubai zilizotoboka. Nimeyaona kwa macho, maana miezi minne baadaye nilitumwa mpakani kwa kazi nyingine nikakuta dereva amekaa pale siku ya sita. Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini?

Jioni ile ya mkutano mama aliandika barua ya masahihisho, akanipa nakala pamoja na kitabu cha kupokelea barua, akasema niipeleke kwa mkono kwa kila ujumbe. Walikuwa kwenye hoteli tatu tofauti. Nilikwenda kwa miguu. Kila mlango nilisimama, nikasalimia, nikaeleza nimeleta nini, nikasubiri saini. Yule mzee nilimkuta amekaa bustanini. Nikampa shikamoo, akaitika, akasoma barua yote mpaka mwisho, akasaini, kisha akavuta kiti cha pili akaniambia, "Kaa, mwanangu. Twende aya ya 8.3 na zinazofuata." Tulikaa mpaka mbu wakatufukuza. Karibu kila ninachokijua kuhusu kesi ile kilianzia kwenye kiti kile.

Tangu hapo, kila sentensi yangu inayosema "jopo liliamua" ina namba ya aya pembeni, kwa penseli. Namba ikikosekana, sentensi haiendi. Mkiona nawarudishia dokezo likiwa na neno moja tu pembeni, "aya?", msinikasirikie.

4. Waliangushwa na wataalamu wao wenyewe.

Hili ndilo funzo zito kuliko yote kwa nchi inayotaka kuzuia, na sijaona dokezo hata moja lililoligusa. Zile nchi sita zilijitetea kwa Ibara ya 5.7, ile ya hatua za muda pale ushahidi wa kisayansi usipotosha. Jopo likatazama kamati za kisayansi za Ulaya yenyewe. Kamati zilikuwa zimeshayatathmini mazao yale na kutoa maoni chanya, zikaletewa hoja za nchi zilizozuia, na hazikubadili msimamo. Kumbe ushahidi wa kufanyia tathmini ulikuwepo, tena umekaa kabatini kwao. Mlango wa 5.7 ukafungwa.

Kwa hiyo kabla hamjamwandikia mkuu "tutumie kanuni ya tahadhari", nendeni mkaulize maabara zetu, taasisi zetu za utafiti na kamati zetu zimeshaandika nini. Mpinzani wako ataanza hapo. Na 5.7 ina deni: ukizuia kwa muda, unatakiwa utafute ushahidi zaidi na uipitie upya hatua yako ndani ya muda unaofaa. Tahadhari ni kazi inayoendelea. Ukiweka zuio kisha ukalilalia, siku ya siku hutakuwa na cha kuonyesha.

5. Hoja ya ugali.

Mmoja wenu kaandika kwamba sisi tunakula mahindi kila siku, kwa hiyo kihatarishi chetu si sawa na cha Mmarekani anayeyalisha ng'ombe. Nimefurahi, kwa sababu hii ni hoja ya kweli na inatoka nyumbani. Mexico waliitoa hiyohiyo kwa ajili ya tortila. Amri yao ya Februari 13, 2023 ilizuia mahindi ya GMO kwenye unga na tortila, na ikaagiza yaondolewe polepole kwenye vyakula vingine na malisho. Waliiambia dunia kwamba kwao mahindi ni chakula cha kila mlo, kwamba nchi yao ndiyo asili ya zao lenyewe, kwamba mbegu za wenyeji zikichanganyika haziwezi kurudishwa. Nilipoisoma nilimkumbuka bibi yangu na vikapu vyake vya mbegu juu ya moshi wa jiko. Moyo wangu ulikuwa upande wao, siwafichi.

Jopo lilitoa ripoti Desemba 20, 2024, na Marekani ikashinda madai yote saba. Halikuwacheka Mexico. Lilikubali kwamba kulinda mahindi ya asili na jamii za wenyeji ni jambo halali la kutafuta. Kilichokosekana ni tathmini ya vihatarishi inayokidhi mkataba waliousaini wenyewe: tathmini inayochukua huo ulaji wa Mexico, kwa kiasi hicho, kwa upishi huo, na kuupima. Hoja ilikuwepo, daraja la kuivusha halikujengwa. Februari 2025 Mexico ikatangaza vipengele vile havitumiki tena. Mwezi uliofuata ikabadili katiba kuzuia kupanda mahindi ya GMO nchini mwao, jambo ambalo kesi ile haikuligusa, kwa sababu Marekani ililalamikia soko la kuuza na shamba halikuwamo kwenye madai. Rudini namba moja.

Basi kijana wangu wa ugali, hoja yako ibaki. Lakini nataka kujua nani amepima, gramu ngapi kwa siku, kwa mtoto na kwa mtu mzima, na matokeo yameandikwa wapi. Kama hakuna, andika kwamba hakuna na upendekeze ipimwe. Dokezo la namna hiyo nitalipeleka juu nikiwa nimesimama.

6. Cartagena haitakubeba peke yake.

Itifaki ya Cartagena, ule mkataba wa kimataifa wa usalama wa bioteknolojia, ilifunguliwa kusainiwa Nairobi mwezi Mei 2000, na Kenya ilikuwa ya kwanza kuweka saini. Ni kitu chetu na tunakithamini. Lakini Ulaya walipoitaja mbele ya jopo, jibu lilikuwa kwamba jopo halilazimiki kuizingatia, maana si wanachama wote wa WTO wamejifunga nayo. Marekani haimo. Kanada na Argentina walisaini bila kuridhia. Itumieni kupanga nyumba yetu na kuendesha tathmini. Msiifanye nguzo pekee ya utetezi.

7. Kenya: andika tarehe, kisha andika saa.

Nasema saa kwa sababu mambo yamegeuka mara nyingi. Baraza la Mawaziri lilizuia uingizaji wa vyakula vya GMO Novemba 2012, wiki chache baada ya utafiti wa panya wa mwanasayansi Mfaransa Gilles-Éric Séralini uliodai mahindi ya GMO yana madhara, ambao jarida lililouchapisha liliufuta Novemba 2013. Zuio likabaki. Oktoba 3, 2022 Baraza likaliondoa. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji. Oktoba 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikatupa shauri mojawapo, Novemba 2024 Mahakama Kuu ikatupa jingine, na Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha tena wakati rufaa ikisubiriwa. Ukiandika "Kenya imeruhusu" bila tarehe, mfanyabiashara wa Namanga anayekuamini anaweza kufunga mkataba wa meli nzima. Na yote haya yametokea kwenye mahakama za ndani, hakuna nchi iliyoifungulia Kenya kesi WTO kwa jambo hili. Wamarekani wanalitaja kwenye ripoti yao ya kila mwaka ya vikwazo vya biashara, na kutajwa humo si kushtakiwa.

8. Zambia 2002 haikuwa kesi. Rais Mwanawasa alikataa msaada wa mahindi ya GMO wakati wa njaa, na majirani kadhaa wakaupokea ukiwa umesagwa ili usipandwe. Iwekeni kwenye historia, mwiondoe kwenye safu ya maamuzi.

9. Kushinda kesi hakufungui soko.

Ulaya hawakukata rufaa mwaka 2006. Kanada ikamalizana nao 2009, Argentina 2010. Halafu mwaka 2015 Ulaya wakapitisha sheria ya kuziruhusu nchi wanachama kuzuia kilimo cha GMO kwenye ardhi yao hata pasipo hoja ya afya, na zaidi ya nusu yao wakaitumia. Miaka mitatu ya jopo, maelfu ya kurasa, na mkulima wa Austria hakupanda hata punje. Mkuu akiwauliza "tukishinda tutapata nini?", kumbukeni hili kabla ya kumpa makadirio ya mauzo.

10. Madogo, haraka haraka. Taarifa ya SPS ya nchi inayotaka kuweka hatua mpya ikiingia, hesabu siku 60 za maoni na uziweke kwenye kalenda siku hiyohiyo. Uwekaji lebo ni mjadala wa TBT, mkataba wa WTO wa vikwazo vya kiufundi vya biashara, mara nyingi, na haukuwa sehemu ya kesi ya 2003. Ibara ya 10 ya Mkataba wa SPS ipo kwa ajili ya nchi kama zetu, itajeni. Taarifa ya mshindi na taarifa ya aliyeshindwa zisomwe zote mbili, baada ya ripoti.

Madokezo matatu yako kwenye trei yangu ya kushoto, mje mchukue. Nakala ya hitimisho la jopo nimeiacha juu yake, ile yenye penseli pembeni. Namba nyingi ni zangu, ila kwenye aya ya 8.3 mtaona mwandiko mwingine, wa wino, umepauka. Ni wa yule mzee. Msiandike juu yake. Nayahitaji madokezo mapya Jumatano kabla ya saa nne.